Barafu Isiyotoka Jasho

Mwaka tisini na saba Kigoma ilijaa wataalamu. Hukumaliza hatua kumi pale Mwanga bila kukumbana na mmoja wao, fulana ya shirika kifuani, redio ya upepo kiunoni, anauliza njia ya kwenda mahali ambapo alishapaandikia ripoti. Wakimbizi walikuwa wameingia kwa maelfu kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na nyuma yao wakaingia hawa. Wakimbizi niliwahurumia. Hawa wengine niliwadharau, na wala sikuficha.

Nilijiona nina haki ya kudharau. Jina langu Skolastika, mzaliwa wa Kidahwe, nesi kwa miaka ishirini na sita, na wakati huo ndiye niliyekuwa nasimamia bohari ya chanjo. Kazi yangu ilikuwa joto. Watu wanadhani kazi ya chanjo ni sindano. Sindano hata mbuzi ukimfundisha vizuri atachoma. Kazi ni kuhakikisha kwamba kilichomo ndani ya kichupa bado ni dawa siku unapokivuta.

Nilikuwa naeleza hivi kwenye semina, ubaoni, chaki mkononi. Kila kitu, maji, chuma, hata wewe uliyekaa hapo unasinzia, ni chembechembe zisizotulia. Ukizipa joto zinapata nishati, zinakwenda mbio, zinagongana, zinataka nafasi. Ukizinyima joto zinapungukiwa nguvu, zinapunguza mwendo, zinasogeleana. Maji yakifika sifuri chembe zake zinashikana, kila moja mahali pake, zinabaki kutetemeka tu. Hiyo ndiyo barafu. Na barafu yenyewe haiishii sifuri. Kwenye friza unaweza kuishusha mpaka ishirini chini ya sifuri, chembe zikazidi kupoa huku wewe unaona barafu ni ileile.

Chanjo ikipata joto sana inakufa, na hilo kila mjinga analijua. Wajinga hawajui kwamba chanjo ya pepopunda inakufa pia ikiganda. Dawa yake imeshikamana na chembe ndogo sana za chumvi ya alumini zinazoelea ndani ya maji, na ndiyo maana kichupa kinaonekana kama maji ya mchele. Maji yakiganda yanazisukuma zile chembe pembeni, yanazibana, zinagandana zenyewe kwa zenyewe. Ukiyeyusha, maji yanarudi kukimbia, ila zile chembe haziachani tena. Zinazama chini. Ukimchoma mama dawa hiyo umemchoma maumivu tu.

Basi katikati ya elimu yangu yote hiyo wakaniletea Bi Hasna.

Bi Hasna alikuwa mjane wa Ujiji, mtu wa makamo, aliyeuza migebuka, samaki wa ziwani, kwa miaka thelathini pale mwaloni Kibirizi kabla shirika moja la wakimbizi halijamwajiri kuwa msaidizi wangu bohari. Walimchukua kwa sababu anaelewana na Wakongo, na manahodha wa mitumbwi yote ya ng'ambo wanamwita mama. Kipimajoto alikuwa hajui kukisoma. Barua za serikali alikuwa anazishika kwa ncha za vidole. Na alinuka samaki, au mimi nilitaka anuke. Kila akiingia nilikuwa nafungua dirisha, na nilihakikisha ananiona nikilifungua.

Alikuwa na tabia moja iliyonitia wazimu. Nikifungua friza kutoa pakiti za barafu, zile chupa bapa za plastiki zinazopangwa kwenye kasha la chanjo, yeye anasogea, anagusa moja kwa kiganja na kutikisa kichwa.

"Hii bado kali, Sista. Haijatoka jasho."

"Bi Hasna, hii ni bohari ya chanjo."

"Najua, mwanangu. Lakini barafu isiyotoka jasho inaunguza. Samaki ukimpanga nayo ngozi inabanduka. Sisi tunaiacha kwanza ilie."

Mwanangu! Nilikuwa nimemzidi cheo mara kumi, na umri tulikuwa tunakaribiana.

Jambo lenyewe alilokuwa analisema lilikuwa limeandikwa mlangoni kwangu. Niliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: TOA PAKITI, ZIPANGE MEZANI, SUBIRI ZITOKE JASHO, TIKISA, USIKIE MAJI NDANI, NDIPO UFUNGE. Kwa lugha ya semina ni kwamba pakiti ikishaanza kuyeyuka inakuwa imefika sifuri na inakaa hapohapo. Joto lote linaloingia linatumika kuziachanisha chembe, haliongezi mwendo wake, kwa hiyo kipimajoto hakipandi mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke. Kwenye grafu ni mstari uliolala. Niliuchora ule mstari mara nyingi kiasi cha kuuchora nikiwa nimefumba macho. Lakini neno hilohilo likitoka kwa muuza migebuka nililisikia kama harufu.

Sasa nimtaje Rozalia, maana bila yeye haya yote ni ugomvi wa wanawake wawili wasiopendana.

Rozalia alikuwa Mbembe wa upande wa Fizi, msichana wa miaka ishirini na mbili. Alikaa kwenye kituo cha mpito karibu na ziwa, walikowekwa Wakongo waliojiandikisha kurudi kwao kwa meli. Alikuja kwangu Julai kwa sindano ya kwanza ya pepopunda, mimba ya miezi saba. Wengine wanauliza sindano inauma vipi. Yeye aliuliza inafanya kazi vipi.

"Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa muzuri, Sista," aliniambia. "Siku ya sita akakataa ziwa. Mudomo ukafunga. Ukimugusa tu anakauka mwili. Siku ya nane tukamuzika."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Kitovu kimekatwa na wembe mchafu, na mama hana kinga ya kumpa mtoto. Nikamweleza: sindano mbili, wiki nne katikati yake, ya pili iingie angalau wiki mbili kabla ya uchungu. Hapo mtoto anazaliwa akiwa amebeba kinga ya mama yake, hata wembe ukiwa mchafu. Alikokuwa anarudi zahanati ilikuwa imechomwa moto. Kwa hiyo sindano ya pili ndiyo ilikuwa kila kitu, na ilikuwa lazima aipate Kigoma.

"Huyu hutamzika," nilimwambia. "Mimi ndiye nitakayekuchoma."

Siku ya sindano ya pili iliangukia Alhamisi, katikati ya Agosti. Meli ilikuwa inaondoka Ijumaa saa nne asubuhi. Wanawake wenye mimba walikuwa mia na ishirini hivi, kwa hiyo meza mbili na makasha mawili. Pakiti za barafu zilitosha kasha moja.

Daktari Oswald, mkubwa wetu, aliambiwa tangu Jumatatu. Daktari Oswald alikuwa mtu wa kupokea wageni. Mpe mgeni rasmi, mpe kipaza sauti, mpe soda za baridi, utamwona anang'aa. Mpe tatizo, anakupa bega. "Sista Skola, tumieni ubunifu," akasema, akaenda kupanga viti.

Ubunifu ulifika saa kumi na mbili asubuhi, umebebwa na Bi Hasna kwenye gunia. Alikuwa amepita Kibirizi akachukua barafu ya samaki, ile ya magogo, imefunikwa vumbi la mbao. Akaiosha. Akaiponda kwa mchi. Akaimwaga ndani ya kasha la pili, na nikiwa namtazama kwa macho yangu haya, akachukua kata akatia na maji. Vichupa akavifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, akavilaza katikati ya ule uji wa barafu.

"Bi Hasna, unafunga chanjo au unafunga migebuka?"

"Nafunga kitu kisichotakiwa kuoza wala kuungua, Sista. Ni kilekile."

"Na maji ya nini?"

"Barafu kavu inauma. Ikishaoga haiumi."

"Umepima? Ni nyuzi ngapi humo?"

Akachomoa mkono wake kwenye kasha, unachuruzika, akanionyesha kiganja. "Hiki ndicho nilichopimia miaka yote."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikaketi, nikachukua karatasi, nikaanza kumwandikia Daktari Oswald barua ya malalamiko. Ah, ile barua! Niliandika kwamba mtumishi huyu hana sifa, kwamba ameruhusu barafu kugusana na chanjo kinyume cha mwongozo, kwamba kwa kutojua kwake na kiburi chake amehatarisha maisha ya watoto ambao hawajazaliwa. Kurasa mbili. Nilikuwa natafuta maneno makali, nikiyapata naonja, nikiona hayajakolea nafuta. Ilinichukua karibu saa nzima, na ilikuwa saa tamu.

Dereva akapiga honi. Nikainuka, nikafungua friza, nikachomoa pakiti zangu zikiwa nyeupe kwa ukungu wa barafu, ngumu, kavu. Ziliniganda kwenye vidole. Nikazibandua, nikazipanga pande zote nne za kasha langu, vichupa katikati vikizigusa, nikafunga mfuniko. Mlango wenye maandishi mekundu ulikuwa nyuma yangu.

Kabla ya kutoka nilifanya jambo moja zaidi, kwa makusudi kabisa. Nilichukua kichupa kimoja cha toleo lilelile nikakitupa ndani ya friza kigande. Kilikuwa ushahidi. Jioni nilikusudia kufanya jaribio la kutikisa mbele ya Daktari Oswald, nimwonyeshe kwamba vichupa vya Bi Hasna vimekuwa sawasawa na hicho kilichoganda. Nilitaka aadhirike mchana kweupe.

Kituoni tulifika saa mbili na nusu. Mgeni rasmi alifika saa sita. Kati ya hapo na hapo wanawake wenye mimba walikaa chini juani wakisubiri mtu aje kuwaambia kwamba anawajali. Alipokuja akawaambia, kwa dakika arobaini. Daktari Oswald akafungua kasha langu, akaacha mfuniko pembeni, akamwonyesha mgeni kipimajoto, akampa vichupa avishike, wakapigwa picha. Kasha la Bi Hasna hakulifungua. Alisema lina sura mbaya.

Tulianza kuchoma karibu saa saba. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi nne. Nikamwonyesha Regina, nesi mwenzangu wa meza ya pili, aliyepangiwa kasha la samaki, pole yake. "Nne," nikamwambia. "Wewe huko omba Mungu."

Ndipo nikamwona Rozalia, tumbo mbele, amesimama mstari wa Regina. Alikuwa wa tano. Nikaacha meza yangu, nikaenda nikamshika mkono nikamvuta.

"Toka huko. Kule ni boksi la samaki. Wewe njoo kwangu."

Wanawake wakacheka. Bi Hasna alikuwa ameinama anazoa maji yaliyovuja kwenye kasha lake. Alisikia. Hakuinua kichwa.

Nikamkalisha Rozalia mbele kabisa. Nikachukua kichupa. Chini yake kulikuwa na unga mweupe umetulia, mzito kidogo kuliko nilivyozoea. Nilikuwa namsimulia Regina habari ya kipimajoto cha kiganja, kwa sauti, ili na wengine wafaidi. Nikakitikisa huku nasimulia. Kikawa cheupe. Nikavuta, nikamchoma.

"Imekwisha?" Rozalia akauliza.

"Imekwisha. Nenda kazae."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kupiga goti kidogo, akaenda. Nilichoma sitini na watatu siku ile.

Saa kumi alasiri tulikuwa bohari. Nilimwita Daktari Oswald, nikamweka kwenye kiti. Bi Hasna alisimama karibu na mlango. Juu ya meza niliweka barua yangu, na mbele ya barua vichupa vitatu. Cha kwanza ni kile cha friza, nilichokwisha kukiyeyusha kiganjani. Cha pili kilitoka kasha la Bi Hasna. Cha tatu kilitoka kasha langu. Hicho cha tatu jaribio halikukihitaji. Nilikiweka kwa kujisifu, aone kitu kizuri kinavyofanana.

Nikavitikisa vyote vitatu kwa pamoja, nikavisimamisha.

"Sasa tazama, Daktari. Kilichoganda, chembe zake ni nzito, zimeshikana. Zitazama haraka. Kizuri kitabaki kimechafuka kama maziwa muda mrefu, maana chembe zake ni ndogo na chembe za maji zinazipiga kila upande, hazipati nafasi ya kutua."

Nilieleza vizuri sana. Halafu tukasubiri.

Dakika tano, cha friza kikaanza kuwa na shingo ya maji safi. Dakika kumi, nusu nzima ilikuwa maji, na chini unga. Nikatazama cha Bi Hasna. Cheupe tupu, juu hadi chini. Nikasema moyoni, subiri. Nikatazama changu, na juu yake kulikuwa na maji safi, urefu wa ukucha.

Nilidhani nimevichanganya. Nikavigeuza kusoma alama nilizoweka kwa kalamu. Nikavitikisa upya, nikavisimamisha upya. Nikachukua vingine viwili kasha langu, na vingine viwili kasha lake. Robo saa. Vya kwake viliendelea kuelea na vya kwangu vilizama, vyote, pamoja na kile cha friza.

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara, nasikia kila teke.

Bi Hasna alisogea mezani, akavitazama vichupa, kisha akanitazama mimi. Sauti yake haikuwa na ushindi wowote. Ningefurahi ingekuwa nao, ningepata cha kushika.

"Asubuhi ulizisikia, Sista? Zile pakiti zako. Maji yalikuwa yanacheza ndani?"

"Sikuzisikiliza," nikasema.

"Ulikuwa unaandika."

"Ndiyo. Nilikuwa naandika."

Alikuwa sahihi tangu mwanzo na mimi nilikuwa najua sababu kuliko yeye. Uji wa barafu na maji hauwezi kushuka chini ya sifuri, hata ukigusana na kichupa siku nzima, na sifuri peke yake haitoshi kuigandisha chanjo ile. Pakiti kavu ya friza, ishirini chini, iliyanyang'anya maji ya vichupa vyangu joto lake lote ndani ya saa moja. Kisha jua na hotuba na mfuniko ulioachwa wazi vikaja vikayeyusha ushahidi, na kipimajoto kikaniambia nne. Kipimajoto kinasema sasa hivi ni ngapi. Hakisemi saa mbili ilikuwa ngapi. Hilo nalo nilikuwa nalifundisha.

Daktari Oswald akajinyoosha kwenye kiti. Nitampa haki yake, kwa mara ya kwanza alifikiri haraka.

"Sista Skola, hakuna haja ya kelele. Wameshachomwa, wameshapigiwa mhuri kwenye kadi, kesho saa nne wanavuka. Wakivuka si wetu tena. Andika zoezi limekamilika."

Nilimtazama yule mtu, suti yake, kalamu zake tatu mfukoni, na nikajikuta siwezi kumdharau vya kutosha, kwa sababu kwa kitambo kidogo, kama kumeza mate, nilitaka kumkubalia. Hakuna ambaye angejua. Mtoto angefungwa mdomo huko mbali, siku ya sita, na mama yake angesema ni Mungu. Nilijichukia kwa kitambo kile kuliko kwa asubuhi yote.

Nikavuta ile barua. Nikachukua kalamu nikakata jina Hasna binti Swaibu kila lilipotokea, mara saba, nikaandika juu yake Skolastika. Sikuhitaji kubadilisha neno jingine lolote. Mtumishi huyu hana sifa. Kwa kutojua kwake na kiburi chake. Nikaisukuma mbele ya Daktari Oswald, nikamwambia aisome au asiisome, mimi kesho nitakuwa bandarini.

Ijumaa saa kumi na mbili nilikuwa bohari. Nilitoa pakiti friza nikazipanga mezani kwa kufuata maandishi yangu mwenyewe, nikakaa kuzitazama. Asubuhi ilikuwa ya baridi, upepo unatoka ziwani. Saa moja ikapita, ziko kavu. Saa moja na nusu meli ikapiga honi ya kwanza, ya kupakia. Nikatikisa pakiti moja sikioni. Kimya. Jiwe.

Bi Hasna alikuwa ameingia muda mrefu, ameketi juu ya gunia lake la barafu mlangoni. Honi ilipolia akainuka.

"Sista, hizo zitatoka jasho meli ikishaonekana Uvira."

"Fungua gunia," nikamwambia. "Funga wewe."

"Utaniandikia?"

"Tafadhali, Bi Hasna."

Akafunga. Nilimshikia mifuko.

Bandarini watu walikuwa wamebanana mpaka kwenye ngazi ya meli, magodoro, sufuria, kuku. Regina alishafika na orodha ya majina. Nilipanda juu ya sanduku la mtu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kitaalamu, yakanipotea yote.

"Wanawake niliowachoma jana meza ya kwanza, nisikilizeni! Dawa niliyowachoma ilikuwa imekufa. Iliganda. Niliigandisha mimi. Haitawadhuru, lakini haitawakinga watoto wenu. Naomba mnipe mkono tena kabla hamjapanda."

Wakalipuka. Mmoja akafyonya karibu na uso wangu. Mwingine akauliza jana nilimpiga sindano ya nini, nikamjibu ya maji na uchungu. Wakacheka kile kicheko kisicho na furaha. Lakini walikuja. Mama mwenye mimba hana anasa ya kukasirika mpaka akose dawa. Nilichoma nikiwa nimepiga magoti kwenye saruji, Regina akisoma majina, Bi Hasna akinipa kichupa kimoja kimoja kutoka kwenye uji wake wa barafu. Tuliwapata sitini na mmoja. Wawili, Marcelina na Agnesi, walikuwa wameondoka jana yake jioni kwa mtumbwi wa injini pamoja na waume zao. Niliandika barua, nikatuma salamu, nikaulizia kwa miaka. Sikupata jibu lolote juu ya hao wawili, na majina yao ninayo mpaka leo.

Rozalia alikuwa wa mwisho. Alishapanda ngazi, akashuka polepole, mzigo kichwani, akaja akasimama mbele yangu. Hakukaa.

"Wewe ulinivuta mukono."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa fasi yangu, kwa ile meza ingine. Wewe ukanitoa."

"Ndiyo, Rozalia."

"Na hii boksi ni gani?"

"Ni lile la samaki."

Hakucheka, hakutukana. Alinipita kwa macho, akamtazama Bi Hasna.

"Mama, hii ni ya kweli?"

"Nimeifunga kwa mkono wangu," Bi Hasna akamjibu.

Hapo ndipo Rozalia alipokunja kanga begani. Alinipa mkono mwingine, si ule wa jana. Nilivuta dawa, nikamchoma, nikambandika pamba. Muda wote alikuwa anamtazama Bi Hasna, na nilipomaliza alimshika Bi Hasna mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, akapanda meli.

Daktari Oswald barua yangu hakuipeleka popote. Ingemlazimu aeleze alivyoacha mfuniko wazi. Aliandika zoezi limekamilika kwa mafanikio makubwa, akahamishiwa mkoa mwingine kwa cheo kikubwa zaidi, na wataalamu wengine wakaja kuuliza njia.

Oktoba, mvua za kwanza zimeanza, Bi Hasna aliingia bohari na kapu la migebuka mikavu. Nahodha mmoja alikuwa amemletea kutoka ng'ambo.

"Rozalia kajifungua," akasema. "Mtoto wa kiume. Siku nahodha anaondoka mtoto alikuwa na siku ishirini, ananyonya mpaka anamchosha mama yake."

Nilikaa chini. Siku ishirini. Nilihesabu ya sita, ya saba, ya nane, nikafika ishirini, nikahesabu tena. Nililia bila aibu, mbele ya mtu niliyekuwa namfungulia dirisha.

Nilipoweza kusema nikauliza, "Na mimi? Alisema nini juu yangu?"

Watu wa Ujiji wanajua kuutia utamu uongo mdogo ili mtu alale vizuri. Bi Hasna angeweza. Alinitazama, samaki mmoja mkononi.

"Hakukutaja, Sista."

Kisha akaendelea kugawa wale samaki mafungu mawili juu ya meza, moja lake na moja langu, palepale tulipovitikisa vichupa.